CONSTANTIN VON ECONOMO: RUBANI ALIYESAKA KITUO CHA USINGIZI

Mwaka huu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliambiwa na mlezi wetu kila mtu achague mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, asimulie maisha yake. Wenzangu wengi walikimbilia Shaaban Robert, Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi, nami siwalaumu, maana hao ni mashujaa wetu. Mimi nimevuka bahari. Nimemchagua daktari mmoja wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Wataalamu wa ubongo wanalijua jina lake vizuri, lakini nilipolitaja darasani kuna waliodhani ni tawi jipya la somo la uchumi.

Sababu yangu ni hii. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Naamka saa kumi na moja alfajiri, natembea, nasoma, narudi, nachota maji, halafu nafungua vitabu saa mbili usiku. Ikifika saa nne usingizi umekwisha nivamia kama jambazi. Nilitaka kujua usingizi ni kitu gani hasa. Je, ni ubongo kuchoka na kuzimika wenyewe kama koroboi iliyoishiwa na mafuta? Ama kuna mtu anayekuja kuipuliza hiyo koroboi ikazimika hali mafuta bado yamo? Swali hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, na bwana huyu ndiye aliyelipatia mwanzo wa jibu, tena alilipata katika vichwa vya wafu.

Constantin von Economo alizaliwa tarehe 21 Agosti 1876 katika mji wa Brăila, nchini Rumania, kando ya mto Danube. Wazazi wake walikuwa Wagiriki, tena matajiri. Kabla mtoto hajatimiza miaka miwili familia ilihamia Trieste, mji wa bandari ambao siku hizo ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria, na leo ni wa Italia. Mji wa bandari hufundisha lugha bila mwalimu, waulize watu wa Mombasa. Kijana huyu alikua akitumia Kigiriki, Kiitaliano na Kijerumani, na Kifaransa pia akakiweza.

Baba yake alitaka mtoto awe mhandisi. Mwaka 1893 Constantin akaenda Vienna kusomea uhandisi, akavumilia miaka miwili, kisha akahamia udaktari. Wazazi wa kila nchi wanafanana, na watoto pia! Hata hivyo, zile hesabu na michoro ya mashine hazikupotea bure, kama tutakavyoona. Mwaka 1901 alihitimu kuwa daktari. Hakukaa kitako. Alizunguka Ulaya akijifunza kwa mabingwa wa siku hizo: Paris, Strasbourg, Munich, Berlin. Huko Munich alikutana na Alois Alzheimer, yule ambaye jina lake limepewa ugonjwa wa wazee wa kusahau.

Mwaka 1906 alirudi Vienna akaingia kazini katika kliniki ya magonjwa ya akili na neva iliyoongozwa na Julius Wagner-Jauregg, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka kufa. Huyo mkubwa wake naye ana kisa. Aliwatia malaria kwa makusudi wagonjwa waliopooza akili kwa sababu ya kaswende, ili homa kali iue kaswende, kisha akawapa kwinini. Kwa tiba hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Sisi tunaojua malaria kwa jina lake la nyumbani tunashangaa kwamba mtu aliweza kuwapa watu malaria akapewa zawadi. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Von Economo alikuwa na penzi la pili mbali na ubongo, nalo ni ndege. Kumbuka kwamba ndugu wawili wa Wright waliruka kwa mara ya kwanza kule Marekani mwezi wa Disemba 1903. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, waya na kitambaa, na rubani alikaa nje kabisa, upepo ukimpiga usoni. Daktari wetu alijifunza kuzirusha wakati madaktari wengine walikuwa wangali wanaziogopa hata kwa kuzitazama. Anahesabiwa kuwa Mwaustria wa kwanza kupata leseni ya kimataifa ya urubani, na kwa miaka mingi aliongoza klabu ya marubani ya nchi hiyo. Huyo ndiye yule mhandisi ambaye baba alimtaka, ila alijitokeza angani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 hakujificha hospitalini. Mwaka 1916 alikuwa rubani wa jeshi milimani kwenye mpaka na Italia. Kisha ndugu yake aliuawa vitani, na wazazi, ambao tayari walikuwa wamemzika mmoja, wakamsihi ateremke kutoka angani. Aliwatii. Akarudi Vienna kutibu askari waliopigwa risasi na vyuma vya vichwa. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kama wazazi wale wangenyamaza, au kama kijana angekuwa mkaidi, huenda angeangushwa huko milimani, na asingekuwako kliniki majira yale ya baridi.

Maana majira hayo ya baridi, 1916 kuingia 1917, kliniki ya Vienna ilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Mmoja aliletwa ikisemekana ana homa ya uti wa mgongo. Wa pili, eti amerukwa na akili. Wa tatu alipewa jina lingine la ugonjwa. Majina yalikuwa mengi na hakuna lililowatosha. Walianza na homa kidogo na kichwa kuuma, kisha usingizi. Tena si usingizi wako na wangu. Mtu alilala akiwa ameketi mezani, chakula kikiwa mdomoni. Ukimtikisa anaamka, anakujibu sawasawa, anajua yuko wapi na leo ni siku gani. Ukigeuza kisogo, keshalala. Kope zao zilianguka, macho yakakataa kwenda pamoja, wakawa wanaona kitu kimoja kuwa viwili. Wengine walikaa hivyo kwa majuma na hata miezi. Wengi hawakuamka tena.

Wengine waliona wagonjwa kumi wenye magonjwa kumi. Von Economo aliona ugonjwa mmoja. Na unajua kilichomsaidia? Ni maneno ya mama yake. Alikumbuka kwamba alipokuwa mtoto, mama alikuwa akisimulia juu ya maradhi ya usingizi yaliyopita kaskazini mwa Italia karibu na mwaka 1890, ambayo watu waliyaita nona. Vitabu vya udaktari vilikuwa vimeyasahau, lakini mama hakuyasahau. Mwezi wa Aprili 1917 alisimama mbele ya madaktari wenzake wa Vienna akawaeleza, na tarehe 10 Mei makala yake ikachapishwa. Ugonjwa aliupa jina la ensefalitisi letajika, yaani uvimbe wa ubongo uletao usingizi. Wengi wakauita ugonjwa wa von Economo. Wakati huohuo kule Ufaransa daktari Cruchet alikuwa ameandika juu ya wagonjwa waliofanana na hao, kwa hiyo yeye naye asisahauliwe.

Hapa yafaa nitoe tahadhari. Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia ugonjwa wa usingizi tunakumbuka mara moja malale, ule unaoletwa na mbung'o. Malale uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, na upande wetu wa Ziwa Viktoria pia ulipita. Malale una vijidudu vyake vinavyoonekana kwa hadubini katika damu. Ule wa Vienna haukuwa na mbung'o wala vijidudu hivyo. Hufanana kwa jina tu, kama John wa darasa hili na John wa darasa lile.

Maradhi hayo yalienea duniani kwa takriban miaka kumi, yakashika watu maelfu kwa maelfu katika Ulaya, Marekani na kwingineko. Waliopona hawakupona wote sawasawa. Wengine, baada ya miaka, waligandamana kama sanamu: uso haucheki, mkono hauinuki, ila akili imo ndani inasikia kila kitu. Baadhi yao waliishi hivyo katika mahospitali mpaka mwaka 1969, wakati daktari Oliver Sacks wa New York alipowapa dawa iitwayo levodopa nao wakainuka na kusema, baada ya miaka zaidi ya 40, ingawa kwa wengi wao nafuu ile haikudumu.

Lakini walionihuzunisha zaidi ni watoto. Mtoto aliyekuwa mtulivu alitoka kitandani akiwa mtu mwingine. Mchana alisinzia, usiku alizunguka nyumba nzima. Alipiga wenzake, aliiba, alitukana wakubwa. Wapo waliofukuzwa shule na wapo waliofungiwa katika mahospitali ya wendawazimu. Watu walisema ni utundu, ni malezi mabaya, apigwe. Kumbe sehemu ndogo ya ubongo wake ilikuwa imeunguzwa na maradhi, na hakuna kiboko kinachofika huko. Nayaandika haya nikijua kwamba hata siku hizi anayesinzia darasani huitwa mvivu kabla hajaulizwa swali moja.

Sasa tuingie ndani ya fuvu. Wagonjwa walipokufa, von Economo alichukua ubongo wao, akaukata vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Kazi hiyo ni ya saburi. Alitafuta palipoharibika. Kwa waliokufa katika usingizi alipata kidonda palepale kila mara: chini kabisa katikati ya ubongo, mahali ambapo ubongo wa kati unakutana na sehemu ya nyuma ya haipothalamasi. Haipothalamasi ni kitu kidogo, kiasi cha lozi, kilichokaa nyuma ya macho, chini ya kila kitu. Basi, ikaonekana kwamba hapo pana kitu kinachotuweka macho, na kikiungua mtu hulala.

Mtu mwingine angeishia hapo, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani. Maelezo yalikwisha timia: kuna injini ya kuamsha, ikiharibika koroboi inazimika. Usingizi ni upungufu tu. Lakini katika wodi ileile kulikuwa na wagonjwa wachache waliopingana na jina la ugonjwa wao. Hawa hawakulala hata kidogo. Walikesha usiku kucha siku baada ya siku, mikono na miguu ikitukutika, wamechoka hoi, wanaulilia usingizi kama mtu alilialo maji jangwani, na usingizi hauji. Uchovu walikuwa nao tele! Kama usingizi ungekuwa ni kuishiwa mafuta tu, wao wangekuwa wa kwanza kulala.

Von Economo hakuwaweka kando hao. Alitazama ubongo wao vilevile, akakuta kidonda mahali pengine: sehemu ya mbele ya haipothalamasi na jirani zake, karibu na pale mishipa ya macho inapopishana. Ni mwendo wa milimita chache kutoka kidonda cha wale waliolala. Huku nyuma pakiungua, unalala; huku mbele pakiungua, hulali. Kwa hiyo sehemu ya mbele ilikuwa na kazi yake, nayo ni kuleta usingizi. Koroboi ilikuwa na mpulizaji.

Mwaka 1930 aliandika makala kwa Kiingereza akieleza mawazo hayo. Alisema kwamba kile kituo cha mbele, kikishika zamu, hutuma kizuizi kwenda kwenye thalamasi na gamba la ubongo. Gamba hilo ni ule utandu wa juu wenye mikunjomikunjo, unene wa milimita mbili hadi nne, tunaoutumia kuwaza, kusema na kukumbuka methali. Siku hizo mwanasayansi mkubwa wa Urusi, Ivan Pavlov, alifundisha kwamba usingizi ni hali ya kuzuiwa inayoanzia kwenye gamba lenyewe na kuenea. Von Economo aligeuza mambo. Kwake yeye amri ilitoka chini, sehemu ndogo ya kale iliyojificha, na huyo mkubwa wa juu anayejiona ndiye mwenye nyumba akatii.

Hebu nieleze kidogo neno hilo la kuzuia, maana ndiyo roho ya habari hii. Seli za neva huambiana mambo. Nyingine humwambia jirani yake aamke afanye kazi. Nyingine humwambia atulie. Hizi za pili ndizo seli za kuzuia, na bila hizo ubongo ungekuwa matatu isiyo na breki kwenye mteremko. Hata kifafa huweza kutokea breki hizo zikishindwa. Kwamba sehemu za ndani za ubongo zaweza kuzuia lilijulikana tangu mwaka 1863, wakati Mrusi mwingine, Ivan Sechenov, alipoandika jinsi alivyoweka punje ya chumvi kwenye ubongo wa ndani wa chura na kuona mguu wake ukichelewa kutoka ndani ya asidi. Lakini mguu wa chura ni mguu wa chura. Kusema kwamba akili nzima ya binadamu, pamoja na elimu yake, hutulizwa kila usiku na fungu dogo la seli zilizojificha chini, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa, na enzi hizo hakuna aliyekuwa na chombo cha kulithibitisha. Daktari Hans Berger wa Ujerumani alikuwa amechapisha mawimbi ya umeme ya ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1929 tu.

Nisije nikakufanya udhani kwamba alishughulika na usingizi peke yake. Mwaka 1925, pamoja na Mgiriki mwenzake Georg Koskinas, alitoa ramani kubwa ya gamba la ubongo, yenye picha 112 zilizopigwa kwa hadubini. Huyo ndiye mhandisi tena: alitaka kila seli ijulikane inakaa wapi. Walikadiria kwamba gamba lina seli za neva bilioni 14. Leo, kwa mbinu bora zaidi, inahesabiwa kuwa ni karibu bilioni 16. Kwa watu waliofanya kazi bila kompyuta, mimi naona walipatia sana. Katika kazi hiyo aliziangalia kwa makini seli fulani ndefu, nyembamba, zilizo kama pia ya kusokotea uzi, katika sehemu mbili za mbele za ubongo. Leo zinaitwa seli za von Economo. Wataalamu wamezikuta pia kwa nyangumi na kwa ndovu. Basi ndovu wa Tsavo anatembea na jina la daktari wa Vienna kichwani, wala habari hana.

Mwaka 1919 alikuwa ameoa binti wa ukoo wa kifalme, Karoline wa Schönburg-Hartenstein. Wanasema alikuwa mtu wa heshima na maneno machache, jambo ambalo kwa mtu tajiri, msomi na rubani si dogo. Mwaka 1931 hatimaye alifunguliwa idara yake mwenyewe ya utafiti wa ubongo katika kliniki ileile. Hakuifaidi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo moyo ulimshinda, akafa akiwa na umri wa miaka 55, miezi michache tu baada ya kupata mlango wenye jina la kazi yake.

Mawazo yake yalimpita umri. Mwaka 1946 Mholanzi Walle Nauta alikata sehemu zilezile katika ubongo wa panya. Akikata nyuma, panya analala. Akikata mbele, panya anakesha mpaka anakufa. Halafu miaka 50 ikapita. Mwaka 1996 watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Clifford Saper, walilipata fungu la seli katika sehemu ya mbele ya haipothalamasi ambazo hufanya kazi wakati panya amelala, na kunyamaza anapoamka. Fikiria: ubongo wote unapopumzika, hizo ndizo ziko zamu, kama askari wa usiku. Na kazi yao ni kuzuia. Hutumia kemikali iitwayo gaba, ambayo ilitambuliwa katika ubongo mwaka 1950, na ambayo ndiyo breki kuu ya ubongo wetu.

Jambo moja alilikadiria tu, nalo likaja kunyooshwa baadaye. Seli hizo kazi yake kubwa si kupanda mpaka juu na kulifunika gamba la ubongo zenyewe. Hushika njia fupi zaidi: huwanyamazisha waamshaji, yale mafungu ya seli za nyuma na chini ambayo mchana kutwa huligongea gamba kengele. Mpiga kengele akinyamazishwa, darasa lote hutulia bila kuambiwa. Hapo mawimbi ya umeme ya gamba huacha kuwa madogo na ya haraka, yakawa makubwa na ya polepole. Juu ya hayo, kuna utando mwembamba wa seli nyingine za kuzuia ulioizunguka thalamasi, na thalamasi ndiyo lango la karibu kila tusikiacho na tuonacho. Utando huo husaidia kulifunga lango. Ndiyo maana mama anaita mara tatu na wewe husikii, wala si kiburi.

Waamshaji nao hawakubali kuonewa. Wao pia huzizuia seli za usingizi. Ni kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao: mmoja akishuka mwenzake lazima apande, na kukaa katikati ni shida. Ndiyo maana mtu hapiti kutoka macho kwenda usingizini kwa polepole kama jua linavyotua. Anapinduka. Umeshika kalamu, neno la mwisho umeliandika nusu, na kilichobaki ni mstari uliokwenda mpaka ukingoni mwa daftari.

Mwaka 2000 watafiti waliharibu seli hizo tu katika ubongo wa panya, na usingizi wao ukapungua kwa takriban nusu. Mwaka 2014 wengine walizihesabu katika ubongo wa wazee waliofariki, ambao usingizi wao ulikuwa umepimwa wakiwa hai. Wenye seli chache ndio waliokuwa na usingizi wa kukatikakatika. Nyanya yangu huamka saa tisa usiku akaanza kuchambua maharagwe, nasi tulikuwa tukidhani ni mazoea ya watu wa zamani.

Na ni nani anayeziambia seli hizo kwamba saa imefika? Mojawapo ya wajumbe ni adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho. Kwa hiyo wale wa mafuta ya koroboi walikuwa na chembe ya haki: uchovu upo, unapimika, ila wenyewe hauzimi taa. Unapeleka taarifa kwa mpulizaji. Kafeini iliyo katika chai na kahawa hukaa katika kiti cha adenosini, taarifa isifike, na uchovu ukabaki palepale ulipokuwa.

Kuhusu ule ugonjwa wa Vienna, ulianza kupungua kabla yeye hajafa, na baadaye ukatoweka karibu kabisa, bila mtu kuutibu. Watu wengi waliusingizia homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918, ingawa wagonjwa wa kwanza wa von Economo walikwisha lala kabla homa hiyo haijafika. Vipande vya ubongo wa watu waliokufa miaka ile vimehifadhiwa mpaka leo. Wachunguzi wa siku zetu wamevifungua tena wakitafuta alama za virusi vya mafua hayo, na hawakuzikuta.